Ramani ya vyumba vitatu ya kununua kwenye simu: tumeipima chumba kwa chumba

Bidhaa yenyewe ni faili la PDF la kurasa sita, linatumwa kwa WhatsApp ukishalipa shilingi 150,000. Kurasa nne za mwanzo ni picha za nyumba ikiwa imekwisha: paa la kuficha, vioo vikubwa, majani mabichi, gari limeegeshwa. Ukurasa wa tano ndio ramani ya ndani. Wa sita una sura ya mbele na ya ubavuni. Muuzaji hatumtaji, kwa sababu kasoro tutakazozieleza si zake peke yake. Ramani za aina hii zinazunguka kwenye simu za wanaojenga Goba, Kigamboni, Chanika na Bunju jijini Dar es Salaam, na kasoro zinafanana.

Ukiizungushia mstatili, nyumba ina mita 13.2 kwa upana na 10.2 kwenda nyuma. Sebule imetokeza mbele mita 2 kuliko masta (chumba kikuu cha kulala), kwa hiyo eneo halisi la jengo ni kama mita za mraba 118. Ukisimama barabarani unaitazama nyumba, kushoto kwako kuna sebule, nyuma yake sehemu ya kulia, kisha jiko na stoo kwenye kona ya nyuma. Kulia kuna masta yenye choo ndani, korido, choo cha jumuiya na vyumba viwili vya watoto nyuma.

Kwa familia ya watu watano au sita orodha hiyo inatosha, na mgawanyo mkuu ni mzuri kweli. Vyumba vya kulala viko upande mmoja, sebule na jiko upande mwingine. Mgeni anaweza kukaa sebuleni saa nzima asione mlango wa chumba cha mtu. Ramani nyingi za bei hii hushindwa hapo, hii haikushindwa. Masta nayo imepimwa vizuri: mita 3.6 kwa 4.0, kitanda cha 6 kwa 6 kinakaa na vimeza viwili pembeni, na kabati la sentimita 60 linafunguka bila kugonga kitanda.

Kinachoiangusha ni kwamba imechorwa pasipo kiwanja. Hakuna mshale wa kaskazini, hakuna barabara, hakuna mteremko, hakuna sehemu ya karo (shimo la maji taka). Mnunuzi anapewa nyumba inayoelea hewani, halafu kazi ya kuishusha ardhini anaachiwa fundi, ambaye ataifanya kwa kukisia asubuhi ya siku ya kuseti msingi.

Kwenye kiwanja cha aina gani inakaa

Kiwanja cha mita 20 kwa 25, nyumba ikitazama upande wa mita 20, kinaibeba. Ubavuni zinabaki mita 6.8. Upande mmoja ukiachwa mita 1.8, upande wa pili una mita 5, gari linapita mpaka nyuma na gari la kunyonya maji taka linaingia bila shida. Mbele na nyuma zinabaki mita 14.8 za kugawana kati ya maegesho, uani na banda la baadaye.

Kiwanja cha 15 kwa 20 hakiiwezi, ingawa muuzaji anasema "inaingia". Ni kweli kuta zinaingia: zinabaki sentimita 90 kila ubavu. Lakini hapo hakuna gari linalopita, hakuna mahali pa karo isipokuwa mbele ya sebule, na maji ya paa yataanguka karibu na ukuta wa jirani. Halmashauri nayo ina kipimo chake cha kurudi nyuma kutoka mpakani na barabarani, na kipimo hicho hutegemea eneo. Uliza ofisi ya mipango miji ya halmashauri yako, iwe Kinondoni, Ubungo, Temeke, Kigamboni au Jiji la Dar es Salaam, kabla hujalipia ramani yoyote.

Mteremko ndio unaokula fedha za watu wa Kimara, Goba na Makongo Juu. Chukua kiwanja kinachoshuka mita 1 kila mita 10, na mteremko ukawa wa kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine. Kwenye upana wa mita 13.2 tofauti inakuwa mita 1.32. Ukiiweka ramani hii kama ilivyo, ukuta wa msingi wa upande wa chini wenye urefu wa mita 10.2 unaongezeka kwa karibu mita za mraba 13.5. Kwenye msingi tofali la inchi 6 hulazwa, linakula kama 12 na nusu kwa mita ya mraba, yaani kama matofali 170 kwa ukuta huo mmoja tu. Kifusi cha kujaza ndani kinakaribia mita za ujazo 80. Dawa ni kuichora upya sakafu iwe na ngazi, upande wa sebule ushuke vidato vitatu au vinne kuliko upande wa vyumba, au kuigeuza nyumba upana wake ufuate usawa wa ardhi. Yote mawili yanataka mchoraji aliyefika kiwanjani.

Upepo na jua

Hapa ndipo tungependa mnunuzi atulie zaidi, kwa sababu joto la Dar halirekebishwi kwa rangi.

Upepo wetu ni wa misimu miwili. Kusi linavuma kutoka kusini na kusini mashariki miezi ya katikati ya mwaka, kaskazi linatoka kaskazini mashariki kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi. Miezi ya joto kali, Desemba hadi Machi, ndiyo ya kaskazi. Kwa hiyo chumba cha kulala kisicho na tundu la kupokea kaskazi kitamtesa mtu katika miezi ile ile anayohitaji upepo kuliko yote.

Jua nalo. Dar es Salaam iko karibu digrii 6.8 kusini mwa ikweta. Juni, saa sita mchana, jua linakaa upande wa kaskazini kwa kimo cha digrii 60 hivi; Desemba linahamia kusini kwa kimo cha digrii 73. Paa likitokeza sentimita 60 nje ya ukuta, kivuli chake cha mchana kwenye ukuta wa kaskazini mwezi Juni kinashuka mita 1, na kwenye ukuta wa kusini mwezi Desemba kinashuka mita 2. Kwa maneno mengine, kuta za kaskazini na kusini zinakingika kwa paa la kawaida tu. Ukuta wa magharibi haukingiki hivyo. Jua la saa kumi limeshuka, linapita chini ya paa, linaupiga ukuta hadi linapozama, na tofali la saruji linaanza kuutoa ule moto ndani wakati watu wanapanda kitandani.

Sasa ishushe ramani hii ardhini. Barabara ikiwa kusini mwa kiwanja, vyumba vya kulala vinaangukia mashariki, jiko linakaa kona ya kaskazini magharibi. Huo ni mkao mzuri sana, isipokuwa kitu kimoja: ubavu wa sebule una dirisha la kioo la mita 2.4 kwa 2.1, na ubavu huo unakuwa magharibi. Familia itaweka pazia zito kila siku saa tisa. Usiigeuze ramani kama kioo kwa ajili ya dirisha hilo, maana utavipeleka vyumba vyote vitatu magharibi. Hamisha dirisha kubwa mbele, magharibi acha dirisha dogo la mita 1.2.

Barabara ikiwa kaskazini, mambo yanapinduka: vyumba vinaangukia magharibi. Hapo kuigeuza kama kioo ndiyo dawa. Barabara ikiwa mashariki, vyumba vya watoto ndivyo vinavyopokea jua la jioni; ikiwa magharibi, ni masta. Ramani ni moja, joto ni la nyumba nne tofauti.

Kuhusu upepo kupita, ramani imekosea kwa njia ya kawaida ya siku hizi. Kila chumba cha mtoto kina dirisha moja, kwenye ukuta mmoja. Upepo hauingii mahali ambapo hauna pa kutokea. Korido ni ya mita 6.4, imefungwa pande zote, haina dirisha hata moja, itawashwa taa saa nne asubuhi. Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni na Kariakoo, ile ya vyumba sita, ililijua jambo hili vizuri kuliko mchoro huu: korido yake inatoka mlango wa mbele moja kwa moja hadi mlango wa uani, milango miwili ikifunguliwa hewa inatembea nyumba nzima, na kila chumba kinachota humo.

Marekebisho hayana gharama kubwa yakifanywa kwenye karatasi. Korido ifike ukuta wa nje na iwe na dirisha mwishoni. Vyumba vya kona vipate dirisha la pili kwenye ukuta wa pembeni. Chumba kisicho cha kona kiwekewe tofali za maua au tundu lenye wavu juu ya mlango, juu ya lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha). Na liangalie neno lililoandikwa kwenye madirisha: 1500 kwa 1500, ya alumini ya kusukuma. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu. Kwa hiyo ulicholipia ni mita 1.5, hewa inapata sentimita 75, ukiweka wavu wa mbu inapungua tena. Ama liwe la mita 1.8, ama liwe la kufungua kwa nje, na grili ipangwe ndani mapema isigombane na bawa la dirisha.

Rula juu ya kitanda kilichochorwa

Ukurasa wa tano una vitanda, makochi na meza vilivyochorwa, na macho yanaamini kwamba vinakaa. Chapisha ukurasa huo kwa kipimo cha 1 kwa 100, kisha weka rula juu ya kitanda cha chumba cha watoto. Upana wake ni milimita 12. Yaani mchoraji ameweka kitanda cha futi 4. Mafundi seremala wa Keko wanatengeneza 5 kwa 6 kila siku, na ndicho ambacho familia nyingi zinakiweka chumba cha watoto wawili.

Chumba kimeandikwa 3.0 kwa 3.0. Hicho ni kipimo cha tofali kwa tofali. Plasta ya sentimita 1.5 kila upande inakibakiza 2.97. Kitanda cha 5 kwa 6 na fremu yake kina urefu wa kama mita 2. Kabati ni sentimita 60. Vikitazamana, zinabaki sentimita 37 katikati, na mlango wa kabati una upana wa 45 hadi 50. Haufunguki. Ongeza sentimita 30 tu kwenda nyuma, nafasi inakuwa 67 na chumba kinakaa. Kwenye kuta mbili zinazorefuka, kwa kimo cha mita 3, nyongeza hiyo ni mita za mraba 1.8 za ukuta, kama matofali 16 ya kusimamisha, pamoja na utepe mwembamba wa jamvi (zege la sakafu) na paa. Ni nyongeza ndogo sana ikilinganishwa na kuishi miaka thelathini na kabati lisilofunguka.

Sebule ina mita 4.8 kwa 4.2 na inatosha kwa ukubwa. Kasoro ni mlango mkuu wa mita 1.2 uliowekwa katikati kabisa ya ukuta wa mbele. Unabakiza vipande viwili vya ukuta vya mita 1.8, na hakuna kochi la watu watatu linalokaa kwenye mita 1.8. Zaidi ya hapo, mtu akiingia anakata katikati ya wanaotazama televisheni ili afike koridoni. Sogeza mlango ubaki sentimita 20 kutoka konani: unapata ukuta mzima wa mita 3.4, njia inapita pembeni, na picha ya mbele haiharibiki.

Korido ya mita 1.0 itabaki sentimita 97 baada ya plasta. Mtu anapita, lakini ubao wa kichwani wa kitanda cha 6 kwa 6 una sentimita 183 na lazima ukate kona kuingia mlango wa sentimita 90. Mita 1.2 ndiyo tungeiandika.

Jiko

Mchoraji ameweka jiko la wazi, limetenganishwa na sehemu ya kulia kwa meza ndefu ya kaunta. Kwenye picha linavutia. Nyumba inayokaanga samaki, inayochemsha nazi na kusonga ugali mara mbili kwa siku inahitaji mlango. Harufu ya changu wa kukaanga hukaa kwenye makochi wiki nzima, na mvuke wa mafuta hupanda gipsam ikabadilika rangi. Weka ukuta kamili, mlango wa sentimita 80, na dirisha la kupitishia chakula kama unalipenda.

Vipimo vya ndani ni 2.4 kwa 3.0. Kaunta za sentimita 60 pande mbili zinaacha njia ya mita 1.2, hapo yuko sahihi. Lakini amesahau friji: pale alipoiweka pana sentimita 60 kamili, na friji ya familia inataka 70 na nafasi ya kupumua nyuma. Stoo ni mita 1.2 kwa 1.2 bila tundu lolote la hewa. Gunia la mchele na debe la unga humo vitashika unyevu na fukusi. Tundu moja la tofali la maua juu na moja chini, yote yakiwa na wavu, yanatosha.

Kosa kubwa kuliko yote ya jikoni ni kwamba hakuna mlango wa nyuma. Anayepika atapitisha maji machafu, takataka na gunia la mkaa sebuleni. Familia ya Dar ina jiko la gesi ndani na bado ina kazi za nje: kukuna nazi, kupara samaki, kuosha masufuria ya shughuli, kuinjika maharage kwenye mkaa gesi ikipanda bei. Kazi hizo zinataka kibaraza cha nyuma chenye paa, angalau mita 1.8 kwa 3.0, bomba la maji, na sakafu inayomwaga nje. Mtungi wa gesi nao ukae hapo, ndani ya kizimba cha wavu, bomba lipite ukutani kuingia jikoni. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya kabati la chini hutuama sakafuni ikingoja cheche.

Vyoo na mabomba

Choo cha jumuiya kimepewa mita 1.2 kwa 2.0, bafu na choo pamoja, kwa ajili ya watoto wote na wageni. Mlango wa sentimita 75 unafungukia ndani na unagonga sinki la choo. Asubuhi ya shule, watu wanne wanamgoja mmoja. Gawa: choo cha 0.9 kwa 1.5, bafu la 1.2 kwa 1.5, beseni la kunawia nje yao koridoni. Nafasi unaipata kwa kuivuta kidogo stoo ya nguo iliyo jirani. Sakafu za vyumba hivi zishushwe sentimita 3 kuliko korido, na kazi hiyo hufanywa wakati wa kumwaga jamvi. Ukisubiri marumaru, fundi atalazimika kuinua korido au kuacha maji yatembee hadi vyumbani.

Sehemu zenye maji zimetawanywa. Jiko ni kona ya nyuma kushoto, choo cha masta ni mbele kulia, choo cha jumuiya kiko katikati. Karo likiwa ubavu wa kulia, maji ya jikoni yatazunguka nyuma ya nyumba mita 13. Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa sentimita 2.5 kila mita, kwa hiyo hapo peke yake linashuka sentimita 33. Ongeza mita 8 za ubavuni, sentimita 20 nyingine. Likianza na kina cha sentimita 40, linaingia karoni likiwa sentimita 93 chini ya ardhi. Kwenye mchanga mkavu ni uchimbaji tu. Mahali ambapo maji ya chini yako karibu, kama sehemu nyingi za Mikocheni na Mbezi Beach, shimo la kunywea litakuwa limejaa kabla ya masika kwisha.

Fundi akikwepa uchimbaji huo atapitisha bomba chini ya sebule. Usimkubalie. Siku likiziba, marumaru za sebule zinavunjwa. Utaratibu ni huu: kila bomba litoke nje kwa ukuta ulio karibu, liingie kwenye chemba yenye mfuniko, na kila kona iwe na chemba yake. Choo cha masta na cha jumuiya viwekwe mgongo kwa mgongo vitumie chemba moja. Maji ya jikoni yapewe chemba ya kunasa mafuta na shimo lake dogo nyuma, yasiende karoni kabisa.

Kwa familia ya Kiislamu kuna jambo ambalo mchoraji asiye na kiwanja hawezi kulijua. Longitudo ya Makka na ya Dar es Salaam zinatofautiana kwa chini ya digrii moja, kwa hiyo kibla chetu ni karibu kaskazini kabisa. Sinki za choo ziwekwe zikitazama mashariki au magharibi. Kwenye ramani hii, barabara ikiwa kusini, sinki la masta linamfanya mtu akipe kibla mgongo. Kuligeuza kwenye karatasi ni mstari mmoja. Kuligeuza baada ya jamvi ni kuvunja zege.

Paa la kuficha

Picha imeuza paa hili, na ni haki ya mnunuzi kulipenda. Ajue tu anachokibeba. Ukuta unapandishwa juu ya bati, bati linateremka kuelekea mfereji uliofichwa, na mfereji huo uko juu ya nyumba, si nje yake. Chukua mvua ya milimita 50 kwa saa juu ya mita za mraba 120: ni lita 6,000. Bomba moja la inchi 4 likiwa safi linaweza kuyashusha. Haliwezi likiwa na jani la mwembe na mfuko wa plastiki mdomoni, na hapo maji hayana pa kwenda isipokuwa kwenye gipsam. Kwa hiyo matundu ya kushusha yawe mawili au zaidi, na liwepo tundu la tahadhari linalotoboa ukuta wa juu, chini kidogo ya ukingo wa mfereji, ili maji yakijaa yaonekane yanamwagika nje. Faili halina mchoro wa paa hata mmoja, kwa hiyo hakuna kati ya hayo lililoonyeshwa.

Paa la kuficha pia halitokezi. Ule mwavuli wa sentimita 60 tulioupigia hesabu unapotea, na mvua ya masika yenye upepo inaingia madirishani. Kila dirisha litahitaji kofia ya zege ya sentimita 50 hadi 60 iliyofungwa kwenye lenta kwa nondo. Iandikwe kabla lenta haijamwagwa.

Kilichokosekana kwenye faili

Hakuna mchoro wa msingi, mkato wa kimo, nguzo na lenta, umeme, wala maji. Hakuna orodha ya vifaa. Hakuna muhuri wa mbunifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Ukienda nalo halmashauri kuomba kibali cha ujenzi utarudishwa, kwa sababu kibali kinataka michoro kamili na mchoro wa nyumba ikiwa juu ya kiwanja chako, pamoja na uthibitisho wa umiliki. Fedha ya mbunifu utailipa tu, na ni bora uilipe sasa kuliko boma likiwa limesimama.

Kimo hakikuandikwa popote, kwa hiyo fundi atatumia mazoea: kozi (safu za tofali) 9 hadi lenta. Tofali la kusimamisha lina sentimita 23 na udongo wa kuunganishia wa 2, kozi 9 zinatoa mita 2.25. Toa sentimita 5 za sakafu na marumaru, toa fremu, mlango wa mita 2.1 unaingia kwa shida. Agiza kozi 10 na dari iwe mita 3 kutoka sakafuni. Chumba kilichoinuka hupoa mapema.

Tunaipa alama 5 kati ya 10 kama mchoro wa kuanzia mazungumzo ya familia, na 2 kama mchoro wa kujengea. Ukiinunua, ichore kwanza chini kwa chokaa na uzi kwenye eneo lililo wazi, kwa vipimo vyake kamili. Ulalo wa mstatili wa 13.2 kwa 10.2 lazima uwe mita 16.68 pande zote mbili; ukitofautiana, pembe zako haziko sawa. Lete godoro halisi, lete kiti, mama wa nyumba asimame mahali pa jiko na kuhesabu hatua hadi uani. Yote yaliyoonekana hapo yaandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa wa tano.

Na kabla ya kutuma malipo, muulize muuzaji swali moja: anatoa faili la DWG, linaloweza kufunguliwa na kubadilishwa kwenye AutoCAD? PDF haisogezi ukuta. Mbunifu wako ataanza kuchora upya na kukutoza kama hukununua kitu. Wa kwetu alijibu kwamba DWG inalipiwa shilingi 100,000 zaidi. Kwa bei ya jumla ya 250,000, yenye faili linalobadilika, ununuzi huu una maana. Kwa 150,000 ya picha nne na kurasa mbili, hauna.